Fundi Bado

Siku ile Jenifa alipofika nyumbani kwa fundi, Mandewa, hakubisha hodi kwa sauti iliyozoeleka. Zamani alikuwa akianza kelele akiwa bado barabarani, kwamba fundi kamuulia biashara, kwamba wateja wamemkimbia, na Bonaventura akimjibu kutoka ndani bila kuinua kichwa. Safari hii alivua viatu mlangoni kama anayeingia msibani, akaketi kwenye ncha ya kochi na kumuuliza Anastazia, mke wa fundi, kwa sauti ya chini, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Mgonjwa mwenyewe alikuwa hapo hapo, kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, macho wazi, anamtazama.

"Muulize, yupo," alisema Anastazia.

Jenifa akaona haya. Akageuka, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba. Umepata nafuu?"

"Bado," alisema Bonaventura.

Jenifa akaguna kwa huruma. Hakujua kwamba hata angemuuliza kama mvua imenyesha, au kama ng'ombe wana pembe, angejibiwa vivyo hivyo. Kiharusi kilipita ndani ya kichwa cha mtu yule kama wezi wanavyopita dukani. Kilikomba maneno yote aliyoyakusanya tangu utoto, ya Kinyaturu na ya Kiswahili, ya kutania, ya kutukana na ya kubembeleza, kisha wakati wa kutoka kikadondosha moja pale mlangoni. Hilo moja ndilo alilobaki nalo. Ukimpa uji, bado. Ukimuuliza kama anaumwa, bado. Wifi yake Anastazia, Magreth, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alisema walau Izraili mtoa roho akija kumchukua atajibiwa kama wengine.

Jenifa alikuwa na steshenari yake karibu na stendi, na kilichomleta kilikuwa juu ya rafu: printa kubwa nyeusi, iliyopigwa na radi ya masika. Bonaventura aliifungua, akaitoa bodi iliyoungua na kuweka nyingine aliyoichomoa kwenye printa ya mtumba iliyofia Itigi. Akaifunga, akaiwasha, ikapepesa taa na kugoma. Hilo halikumshtua, maana kazi yenyewe ilikuwa imebaki. Akasema ataimalizia akirudi kutoka kijijini. Akaenda kijijini kwa miguu yake, akarudishwa amebebwa.

Tangu siku hiyo rafu ilikuwa inapungua. Wenye mashine walikuja mmoja mmoja, wote na ile sauti ya chini, wakachukua vitu vyao kwa vidole viwili kana kwamba vimelala na maiti. Wakasema pole, wakapeleka kwa fundi mwingine, Gervas. Imebaki hii ya Jenifa. Na Jenifa naye alikuja kusema, kwa kuzunguka sana, kwamba Jumamosi mchana atakuja na Gervas waichukue, ili baba apumzike, asiwe na mawazo. Alipoaga alichomeka noti chini ya chupa ya chai, akasema ni ya sabuni.

Anastazia aliitazama ile noti na hakuigusa. Mumewe alikuwa analipwa ujira. Sasa analetewa sabuni. Kutoka ujira hadi sabuni si mbali, ni upana wa meza, lakini alijua nyumba nyingi ambazo mtu alivuka upana huo na hakurudi tena. Mashine hii ikitoka mlangoni mkononi mwa Gervas bila kumalizwa, hakuna atakayeleta nyingine. Bonaventura ataitwa mgonjwa mpaka siku atakapoitwa marehemu.

"Huyu mwanamke ana roho nzuri," alisema Magreth kutoka jikoni.

"Anayo," alisema Anastazia. "Ndiyo inayoniuma."

Mchana ule upepo ulitoka upande wa ziwa, ule upepo wa Singida wenye chumvi na vumbi, unaofanya mwanga uonekane mzito kama maji ya mchele. Anastazia aliegemea ukuta, sindano ya kufumia ikamlegea vidoleni, na usingizi mwepesi ukamjia macho yakiwa nusu wazi. Aliiona printa ya Jenifa imesimama katikati ya uwanja wa kijiji, huko mbele ya Mungaa walikozaliwa. Wanawake wamepanga mstari mrefu, kila mmoja na jiwe kichwani. Anafika, analishusha jiwe juu ya kioo cha mashine, anafunika na kubonyeza. Mashine inanguruma kwa upole, inatoa karatasi, na karatasi ni nyeupe. Mwanamke anaipokea, anaitazama kama anayesoma, anaondoka nayo. Anakuja mwingine. Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililomtisha akaamka.

Mawe yale hayakuwa ya ndoto. Waliyabeba kweli, ya kujengea zahanati, Anastazia akiwa na mimba ya mtoto wa pili na ngata kichwani, kutoka kwenye majabali hadi kiwanjani. Mtendaji aliyeyapokea akahamishwa. Aliyekuja baada yake akauliza, mawe yapi? Wa tatu alikuwa mpole kuliko wote, akasema ya nyuma tuyaache, ndugu zangu, tuanze upya. Wakaanza upya, na kila mpya alianzia sifuri. Mawe hayakuhamishwa kikazi. Yako kwenye msingi wa gesti ya mtu, na ukipita karibu utaona mengine yana alama ya chokaa waliyoyatia ili wasichanganye lundo la kitongoji hiki na kile.

Bonaventura hakukosa mkutano. Alishahamia mjini lakini siku ya mkutano alipanda basi asubuhi. Mwenyekiti akifika mwisho na kusema kama hakuna jingine tufunge, sauti ilitoka nyuma ya watu: "Bado." Kisha anauliza mawe. Watoto waliozaliwa mwaka wa mawe wakaoa, na bado anauliza mawe. Walimwita Mzee Bado kwa kejeli, naye akalivaa jina kama kofia.

Alianguka kwenye shamba la alizeti la kaka yake, karibu kabisa na pale zahanati ilipotakiwa kusimama. Walimfunga kanga kati ya dereva wa bodaboda na mpwa wake, wakakata njia ya mchanga, kichwa kikimlalia dereva begani kama mtoto. Hospitalini daktari alisema kwa upole kwamba mngewahi. Anastazia angesema nini? Kwamba aliwahi, miaka mingi kabla, kwa kichwa chake, jiwe baada ya jiwe?

Jumamosi asubuhi jumuiya ilikuja kusali nyumbani. Wazo lilikuwa la Magreth. Tangu kaka yake Bonaventura arudi kutoka hospitali, mkono wa kulia ukiwa umelala kama si wake, ule wa kushoto haukutulia. Ulikuwa unagonga paja saa zote, pole pole, mchana kutwa. Wengine walisema ni ugonjwa. Magreth akasema hapana, mtazameni vizuri, anahesabu Salamu Maria. Mtu huyu aliyegombana na nusu ya jumuiya kwa sababu ya midomo yake amerudi kwa Mungu kwa vidole. Akamletea rozari ya mbao. Bonaventura akaiangusha. Akamletea tena, akaiangusha tena, na Magreth akasema shetani hapendi kushindwa.

Wakaketi duara, wanawake wengi na mzee mmoja, harufu ya chai na losheni ikajaa chumbani. Sala ya rozari ni wimbo kwa aliyeizoea. Sauti zinapanda na kushuka mpaka hujui tena kama wewe ndiye unayesema au unasemwa. Anastazia alikuwa ameshaingia humo ndani, macho kwenye mkono wa mumewe, akili ikielea. Na kwa sababu ilikuwa inaelea, akaona.

Fungu la rozari lina Salamu Maria kumi. Kidole cha Bonaventura kiligonga tano, kikaacha. Tena tano, kikaacha. Na kidole gumba hakikuwa kinagonga hata kidogo. Kilikuwa kimekandamiza paja, kimeganda, na kile cha shahada ndicho kilichogonga, tano, kisha vyote viwili vikaachia kwa pamoja. Kisha mkono unasubiri, kiganja wazi, kama anayesubiri kitu kiamke. Hakuna kitu kinachoamka. Anaanza tena.

Anastazia aliijua sauti ya kile kidole. Aliijua kabla hajaikumbuka. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa chumba hiki hiki akifuma vitambaa vya makochi, na nyuma yake, baada ya kila mashine kubadilishwa bodi, ilisikika: ki, ki, ki, ki, ki. Kisha kimya. Kisha Bonaventura anaiambia mashine, haya mama, niambie wewe ni nani.

"Utuombee sisi wakosefu," walisema wanawake.

"Anaifungua," alisema Anastazia katikati ya sala.

Magreth akamkata jicho. Anastazia akafunga mdomo, akamalizia mafungu yaliyobaki kwa adabu, akawamiminia chai wageni, akawasindikiza hadi barabarani. Lakini alikuwa anawasindikiza kwa miguu tu.

Walipoondoka aliishusha printa kutoka rafuni na kuiweka juu ya stuli, akaisogeza hadi ikagusa magoti ya mumewe. Magreth alisimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Wifi, unamtesa mgonjwa."

"Huyu hakuwa anasali, wifi."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Kazi."

Akachomeka waya ukutani. Akauchukua mkono wa kushoto wa Bonaventura, ukiwa bado unagonga hewani, akauweka juu ya vitufe. Mkono ukatulia. Ulitulia jinsi ng'ombe anavyotulia ukimshika mahali panapowasha. Kidole gumba kikatafuta, kikapata, kikakandamiza. Cha shahada kikagonga: ki, ki, ki, ki, ki. Vikaachia vyote. Na taa ambayo ilikuwa inapepesa tangu masika, kama jicho la mtu aliyeingiwa na mchanga, ikapepesa mara ya mwisho na kukaza, kijani, kimya.

Magreth akaweka sinia chini.

Bonaventura aliwahi kumweleza mkewe, siku za maneno mengi, kwamba kumbadilishia printa bodi ni kumbadilishia ubongo. Anaamka na kumbukumbu za mwingine. Kwa hiyo lazima umwambie upya mambo matatu: yeye ni nani, yuko nchi gani, na ana mzigo gani tumboni. Usipomwambia atakaa anapepesa taa mpaka kiama. Anastazia alicheka wakati ule. Sasa akafungua laptopu kuukuu ya mumewe, iliyofutika nusu ya herufi, akaichomeka, akafungua ile programu aliyokuwa akiiona kwa pembe ya jicho miaka yote. Awali aliwahi kuijaribu peke yake ikamkatalia, kwa sababu mlango wa ndani wa mashine ulikuwa bado umefungwa. Leo ilikubali.

Yeye ni nani ilikuwa rahisi. Namba ilibandikwa mgongoni mwa printa, akainama akaisoma, akaiandika, mume akifuata kwa macho. Nchi nayo haikuwa ngumu. Ile bodi ya Itigi ilizaliwa kwa ajili ya watu wa ng'ambo na hata printa yake ilipokufa ilidhani iko huko. Akaichagulia upande wetu wa dunia. Akajiona kama anamnong'oneza mtoto aliyeamka kwenye basi: tumefika, ni hapa, ni kwetu.

Likabaki tumbo.

Chini kabisa ya printa za namna ile kuna sponji. Kila mashine inapojisafisha midomo, wino mchafu unashukia humo, na bodi inahesabu umeingia kiasi gani. Sponji ikijaa, mashine inasimama. Lakini bodi hii mpya haikuwa na hesabu ya tumbo hili. Ilikuwa inauliza. Pale kwenye kioo cha laptopu palikuwa na orodha ya asilimia, na ya kwanza juu, yenye kung'aa, tayari kubonyezwa, ilikuwa sifuri.

"Ni hii?" Anastazia aliuliza, kishale kikiwa juu ya sifuri.

"Bado."

Akakodoa macho. Neno lilikuwa lile lile, lakini halikuwa na ule ulaini wa kudondoka. Lilikuwa limesimama. Bonaventura akainama upande mzima, mpaka Magreth akamdaka bega, akapenyeza mkono chini kwenye kifuniko cha nyuma alichokuwa hajakikaza, akazamisha kidole ndani. Kilipotoka kilikuwa cheusi hadi kiungo cha pili, kinachuruzika. Akakiinua mbele ya mkewe.

"Kumi?"

"Bado."

"Ishirini?"

"Bado."

Walipanda hivyo, pole pole, kwa sauti ya chini, na upepo nje ukisugua bati. Hamsini, bado. Sitini, bado. Magreth alikuwa ameketi chini sasa, kiganja mdomoni. Anastazia alihisi wanapanda mlima wa mawe, yeye na mumewe, kila asilimia ni jiwe na kila jiwe lina aliyelibeba, na mtu huyu mmoja anakataa liachwe hata moja njiani. Themanini.

"Bado."

"Tisini?"

Bonaventura aliufikisha mkono wake wenye wino juu ya mkono wa mkewe na kuukandamiza. Ikabonyezwa tisini.

Gervas alikuja na Jenifa jua likiwa limeanza kuegemea. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyejifunza kazi kwenye meza hiyo hiyo kabla hajafungua yake. Alimwamkia mzee kwa kuinama, akamwamkia Anastazia, akanyanyua mikono tayari kubeba. Anastazia akamwambia kabla hujabeba, weka karatasi.

Karatasi ikatoka na mistari yake ya rangi, imenyooka, haina mkwaruzo. Jenifa akaishika kwa ncha kama picha iliyotoka kusafishwa.

"Nani ametengeneza?"

"Mwenye kazi," alisema Anastazia.

Jenifa akacheka kicheko kifupi cha mtu anayedhani anataniwa. Kisha akaona kidole cha Bonaventura, cheusi hadi kiungo cha pili, na alama ya kiganja cheusi kwenye mkono wa Anastazia, na kicheko kikaishia njiani.

Lakini mashine haikukaa kimya. Baada ya karatasi ya tatu ikawasha taa ya njano, ikaandika kwenye kidirisha chake kwamba tumbo linakaribia kujaa. Gervas akasoma, akatabasamu, akajisogeza kwenye laptopu. Alieleza kwa haraka kwamba hilo si tatizo, siku hizi wote wanafanya hivyo, mteja anaondoka anafurahi. Kisha, kwa heshima, akamgeukia mzee.

"Mwalimu, tuweke sifuri, twende zetu?"

"Bado."

Lilitoka nyuma ya chumba, karibu na dirisha, kwa sauti ambayo Anastazia hakuwa ameisikia tangu masika. Gervas akaondoa mkono kwenye laptopu kama aliyekutwa.

"Ukiweka sifuri," alisema Anastazia, na hakujua tena anamwambia Gervas au nani, "hesabu ndiyo inafutika. Wino umo. Utajaa, utamwagika mezani kwa Jenifa, kwenye karatasi za watu, na wewe hutakuwepo. Atakuwepo mwingine, atauliza wino upi." Akapumua. "Yule anasema sponji itolewe, ioshwe, ikaushwe juani, irudi. Ndiyo ianze upya."

Gervas alitazama kile kidole cheusi. "Kweli, imejaa," alisema taratibu. "Sikuifungua." Kisha akacheka peke yake, akitikisa kichwa. "Alinipiga kofi la kisogo hapa hapa, kwa kosa hili hili. Nilikuwa nimesahau."

Jenifa alikuwa na wateja waliokuwa wanamsubiri, na wengine walishahama. Ungeweza kuona usoni mwake akipima: kubeba leo au kuacha. Aliitazama mashine, akamtazama mtu wa kwenye kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu masika hakumtazama kama anayetazama picha ukutani. Akaenda mezani. Ile noti ilikuwa bado chini ya chupa ya chai, ilipoachwa. Akaivuta, akavuta na nyingine kwenye pochi, akaziweka rafuni, pale pale alipozoea kuweka kianzio, akazikandamiza na bisibisi.

Kisha akashika kiuno, na sauti ikapanda, ile ya barabarani.

"Haya fundi. Usiniue na biashara yangu. Jumatano nikija itakuwa tayari?"

Bonaventura aliangalia juu, kwenye bati, kama mafundi wote wanavyoangalia wakiulizwa swali hilo.

"Bado."

Gervas ndiye aliyeanza, akashika ukuta kwa kucheka. Akasema huyu amepona, leteni shahidi, ni fundi gani mliwahi kumsikia akisema tayari. Jenifa alikuwa anatukana na kufuta machozi kwa pamoja, anasema Alhamisi basi, Alhamisi sizidishi. Alitoka na viatu mkononi, akavivalia barabarani, bado anapiga kelele.

Anastazia alitoa sponji, ikiwa nzito kama ini, akaibeba kwa sinia la Magreth hadi uani. Alipoimwagia maji ya kwanza wino ukatoka mweusi, ukatafuta njia mchangani, ukashuka kuelekea uzioni. Akamwaga ya pili. Nyuma yake, dirishani, mtu mmoja alikuwa ameegemeza kidevu kwenye nondo, anatazama maji.

"Yameng'aa?" aliuliza Anastazia bila kugeuka.

Alishajua jibu. Akachota tena.